Shangazi Aliyechora Maji Ukutani

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, Shangazi atakabidhi funguo za stoo na kustaafu rasmi, baada ya miaka ishirini na sita ya kuitumikia jumuiya yetu ya kulinda mto. Kwenye mlango wake kuna kibao kinachosema ni Mratibu wa Masuala ya Jamii na Ardhi. Cheo hicho sijawahi kumsikia mtu akikitumia, hata yeye mwenyewe. Ofisini ni Shangazi, bondeni ni Shangazi, na mkurugenzi wetu, ambaye amemzidi umri, naye humwita Shangazi bila aibu.

Nimeombwa niandike mimi, dereva, kwa maelezo kwamba nimekaa naye garini saa nyingi kuliko alizokaa na mumewe sebuleni. Shemeji yetu, fundi cherehani, amelithibitisha hilo kwa uchungu kidogo. Mkurugenzi alinionya nisitie chumvi. Basi nitajitahidi, ingawa wanaomfahamu Shangazi wanajua kwamba habari zake zinakuja tayari zimekolea.

Nianze na mambo yasiyo na ubishi. Shangazi hajui kuimba, na huimba. Hupanda pikapu ya ofisi kana kwamba ni yake na mimi nimeomba lifti. Hufumba macho tukivuka daraja, halafu ng'ambo ya pili anakulaumu kwa namna ulivyovuka. Ripoti zake huchelewa mpaka mhasibu akaacha kuziulizia na kuanza kuziombea. Na ukimletea tatizo lolote, kubwa au dogo, jibu lake ni moja: "Twende tukaone." Siku moja mhudumu alimwambia bomba la maliwatoni linavuja, hatua chache tu kutoka mezani pake. Shangazi alisimama, akachukua mwavuli na mkoba wake, akasema twende tukaone.

Alianza kazi kama mpima ardhi serikalini. Wakati huo kampuni moja ilikuwa imeomba kujenga bwawa la umeme kwenye mto wetu, na wapima kadhaa waliazimwa kwenda kupima bonde. Yeye akachaguliwa kwa sababu kwao ni huko huko. Alizaliwa sehemu za juu za bonde, ambako kaka yake mpaka leo anaendesha mashine ya kusaga nafaka. Kwa kuwa kazi ilikuwa upande wa mtoni, hakulala kwa kaka yake. Alipanga chumba kwa mkunga wa zahanati, mama mcheshi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto bila simu. Mkunga huyo ndiye aliyewapokea duniani watoto wote wa kaka yake, na zaidi ya nusu ya watoto wa bonde lile.

Kiangazi kizima Shangazi alipigilia vigingi mchana, na jioni akakaa jikoni kwa mkunga akichambua mboga. Kazi ilipokwisha akarudi mjini, akakaa na wenzake kuichora ramani. Akaipaka rangi ile sehemu itakayofunikwa na maji. Jiko la mkunga lilikuwa ndani ya rangi, na chumba alicholala yeye, na zahanati, na shule. Akamuuliza mkubwa wake ni lini watu wale wataambiwa. Akajibiwa kwamba kuwaambia watu si kazi ya mpima.

Akaacha kazi. Ajira ya serikali, yenye pensheni na nyumba ya kukaa! Ndugu zake walisema amejimwagia unga mwenyewe, na kaka yake, ambaye unga anaujua kuliko sote, alisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wengine. Akaja kwetu. Wakati ule ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi yake ya mbao ilikuwa inalia kila mtu alipopanda, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kubisha hodi. Kulikuwa na meza moja na viti viwili, kimoja hakifai kukaliwa na mtu mwenye familia. Mimi niliajiriwa miaka michache baadaye, gari lilipopatikana.

Mradi ule wa bwawa ulikuwa unalala na kuamka. Fedha zikikosekana unalala, zikipatikana unaamka na maofisa wapya na kofia mpya. Kila ulipoamka, maofisa waliwaambia watu wa bonde kwamba maji yatafika makorongoni tu, mahali ambapo hakuna mtu. Walipoonyeshwa ramani, watu waliitikia kwa vichwa, kwa adabu tu. Ramani ina mistari kama alama za vidole. Mtu atajuaje kwamba mstari mmojawapo umepita juu ya kitanda chake?

Hapo ndipo Shangazi alipobuni ile njia yake ya kazi iliyomfanya ajulikane. Alishuka dukani kwa mwenye nyumba wetu na kumwomba rangi. Mwenye duka alikuwa na makopo ya buluu yaliyorudishwa na mteja ambaye mkewe aliikataa rangi ile, na kwa kweli ilikuwa buluu ya kuumiza macho. Akatupa bure, akafurahi kuyaondoa rafuni. Tukayapakia kwenye pikapu pamoja na brashi na mpira mrefu mwembamba wa plastiki, ule ambao mafundi wa nyumba huujaza maji ili kupata usawa wa ukuta huu na ule.

Tuliingia nyumba moja moja. Shangazi alibisha hodi, akakaa, akauliza hali za wagonjwa na wanafunzi, kisha akaomba ruhusa ya kuchora maji ukutani. Mimi nilishika ncha moja ya mpira nje, kwenye kigingi cha kuonyesha usawa wa maji ya bwawa, yeye akashika nyingine ndani. Maji yalipotulia kwenye mpira aliweka alama, halafu akavuta mstari wa buluu kuzunguka chumba kizima. Aliondoa vitambaa vya makochi kabla ya kuanza na kuvirudisha alipomaliza, vimenyooka kuliko alivyovikuta. Kwa mkunga mstari ulipita juu ya saa ya ukutani. Zahanati ulipita kwenye dirisha la dawa. Shuleni ulikata ubao katikati, na mwalimu mkuu akasema afadhali, sasa wanafunzi wataandika chini ya mstari na yeye juu.

Kuna nyumba ambayo hatukuchora ndani, kwa sababu mstari ulikuwa juu ya paa. Shangazi alitoka nje, akaweka ngazi kwenye mti uliokuwa karibu, akapanda na brashi. Bibi mwenye nyumba alisimama mlangoni akimwangalia anavyozidi kupanda. Mwishowe akasema, "Mwanangu, bado tu?" Shangazi akajibu, "Bado, mama." Niliishika ile ngazi nikashindwa kuangalia juu, wala kumwangalia yule bibi.

Sasa watu walielewa. Bonde zima likawa linazungumzia mstari. Barua zikaandikwa, wajumbe wakachaguliwa, gazeti moja likaja kupiga picha ubao wa shule. Tulirudi mjini tukijipongeza, na Shangazi akaimba njia nzima, nami kwa mara ya kwanza nikamwitikia.

Kilichofuata hatukukitegemea, na nakiandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe amenitaka nikiandike. Amesema wasifu usio na kosa ni tangazo la sabuni.

Kabla ya rangi, bonde lile lilikuwa kijiji kimoja kilichotandazwa mtelemkoni. Watu walioana, walizikana, waligombana kama jamaa. Mstari wa buluu ulipokamilika, mwenye nyumba ya chini ya mstari alijua anafukuzwa, na mwenye nyumba ya juu ya mstari alijua amenusurika. Na aliyenusurika alianza kupiga hesabu. Akaona ziwa mbele ya mlango wake. Akaona umeme, boti, wageni wenye kamera. Muda si mrefu watu wakaanza kuitana Wa Juu na Wa Chini. Mpira ukichezwa, timu ziligawanywa kwa mstari. Posa moja ilisimamishwa kwanza, ijulikane bwawa litajengwa au la. Na maofisa wa kampuni, ambao walikuwa wamekasirikia rangi ile, sasa wakaipenda. Walikwenda kwa Wa Juu wakakaa nao vizuri, wakawaambia ninyi hamna shida yoyote.

Wa kwanza kati ya Wa Juu alikuwa kaka yake Shangazi. Simlaumu, na hata Shangazi hakumlaumu muda mrefu. Mashine yake ilikuwa ya dizeli, mara nyingi inakula kuliko inavyosaga, na moshi wake ulikuwa umeshamwachia kikohozi. Umeme ulikuwa ndoto yake ya maisha. Mstari ulipita chini kidogo ya kizingiti chake, tena dada yake ndiye aliyeuchora, kwa hiyo hakuwa na shaka na kipimo. Akawa msemaji wa Wa Juu. Kwenye mkutano mmoja alisimama akasema mbele za watu kwamba kuna wanawake waliosomeshwa na ndugu zao, halafu wanarudi kuwazibia ndugu hao riziki. Kila mtu alijua anamsema nani, kwa sababu ada ya shule ya Shangazi ilitoka kwenye mashine ile.

Wakaacha kusemezana. Tukipita na gari mbele ya mashine, kaka mtu alitupa kisogo, akajifanya anakaza mkanda ambao haukulegea. Wifi yake Shangazi alinisubiri kwenye kona akaniletea mfuko wa unga, "mpelekee wifi yangu, usiseme umetoka wapi." Nilimpa Shangazi nikasema nimeuokota. Alikuwa akiupokea bila kuuliza, anaushika magotini mpaka tunafika mjini, na siku hizo hakuimba.

Kwenye kikao cha wafanyakazi alisema jambo ambalo sote tulilisikia na hakuna aliyejua aangalie wapi. "Nilitaka kuwaonyesha maji," alisema. "Nimewachorea mpaka." Mkurugenzi akamfariji kwamba kipimo kilikuwa sahihi. Shangazi akamjibu kwamba ndiyo, ndiyo maana mpaka wenyewe umeshika vizuri hivi.

Tarehe ya kikao kikubwa cha kusikiliza maoni ya wananchi ilikuwa imeshatangazwa. Maofisa wa serikali walikuwa waje bondeni, wasikie watu, ndipo wakaamue kutoa kibali au kunyima. Bonde likisema kwa sauti mbili, kibali kitatoka, hilo lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Mto ungefungwa, mkunga na wenziwe wangehamishiwa kwenye uwanda mkavu kule mbali ambako kampuni ilikuwa imeshawapimia viwanja, na Shangazi angekuwa amempoteza kaka yake bure.

Aliacha kuhubiri. Alikwenda kwa mkunga akakaa jikoni kama zamani, akamwambia ukweli kwamba ameishiwa. Mkunga alikuwa anakuna nazi. Akasema, "Wanasema tukihama hawapungukiwi kitu. Basi tuhame waone." Shangazi akauliza tuhame vipi. Mkunga akasema kama watu wanavyohama, na vyungu na kuku, si wametupimia viwanja? Twende tukalale huko, turudi.

Hilo ndilo lililokuja kuitwa Mazoezi ya Kuhama, na ingawa magazeti yalimsifu Shangazi kwa wazo hilo, yeye amekuwa akilisahihisha kila mahali kwamba lilikuwa la mkunga. Yeye alilipanga. Akahakikisha wagonjwa wana pa kulala, wazee wana gari, na hakuna mtu atakayemtukana mtu wa juu, wala kufunga njia, wala kuvunja kitu. Alfajiri ya siku iliyopangwa Wa Chini wote walifunga milango wakaondoka na magodoro, watoto na mbuzi. Pikapu yangu ilibeba wazee, na kuku mmoja ambaye hakuwa na mwenyewe mpaka tulipofika, akagombewa na watu wawili.

Uwanda wenyewe nisiueleze sana. Palikuwa na vumbi, na viwanja vimepigwa namba vizuri. Maji ya kunywa tuliyaleta kwa mapipa. Jioni ya kwanza watu walicheka kama wako matembezini. Siku ya pili vicheko vilipungua. Yule bibi wa mti alikaa juu ya kigingi cha kiwanja chake, akauliza mto uko upande gani. Hakuna aliyeweza kumwonyesha.

Huku juu, mambo yalikuwa yanajionyesha yenyewe. Haya nilisimuliwa na wifi, ambaye hajui kutia chumvi. Asubuhi kaka alifungua mashine, akawasha, akasubiri. Hakuja mtu. Wa Juu nafaka zao walikuwa wameshasaga; waliokuwa wakija kila siku na videbe vyao walikuwa wa chini, na hakuwahi kulitazama jambo hilo kwa sababu mteja ni mteja. Akazima asimalize dizeli. Shuleni walimu walikuwa wawili badala ya wote, na madarasa yakawekwa pamoja. Mtoto mmoja alipatwa na homa, wakakimbia zahanati, wakakuta kufuli, kwa sababu mkunga alikuwa amehama. Ilibidi mtoto apelekwe mbali kwa pikipiki, na namshukuru Mungu alipona. Mboga hazikuja wala samaki. Hata mpira ulikosa watu, maana golikipa na mawinga wote ni wa mtoni, na vijana wa juu wakabaki wanapigiana penalti kwenye goli tupu.

Jioni ya pili, wifi anasema, kaka alitoa kiti nje akakaa akiangalia bonde. Hapakuwa na moshi wa jiko hata mmoja chini ya mstari. Akamuuliza mkewe, "Hivi wakiondoka kweli, sisi tutakuwa kijiji au tutakuwa nini?" Mkewe akamwambia akamuulize dada yake.

Wa Chini walirudi kama walivyoahidi. Hakuna aliyemzomea mwenzake. Siku chache baadaye kikao kikafanyika, kwenye uwanja wa shule, chini ya maturubai. Mwenyekiti alikuwa bwana mmoja mstaarabu kutoka wizarani, mwenye kupenda utaratibu. Akaomba kwanza wananchi watakaoathirika na mradi wakae upande wa kulia, na wasioathirika upande wa kushoto, ili apate picha. Kwa kufuata mstari wa Shangazi, watu wakaanza kugawanyika. Yeye alikuwa amesimama kwenye ukuta wa darasa pamoja nasi wafanyakazi, mikono nyuma.

Kaka alikuwa tayari amekaa kushoto, safu ya mbele, amevaa koti. Mwenyekiti akafungua kikao, akaita msemaji wa wasioathirika aanze. Kaka akasimama. Akanyanyua kiti chake. Akavuka nacho uwanja mzima mbele ya watu, polepole, kwa sababu kilikuwa cha mbao ngumu naye ana kikohozi, akakiweka upande wa kulia, pembeni ya mkunga. Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba kwa mujibu wa ramani nyumba yake iko juu ya maji, haathiriki.

Kaka akasema, "Mheshimiwa, mimi ndiye wa kwanza kuathirika. Umeme nautaka, sitaki kudanganya mtu. Lakini nitamsagia nani? Samaki?"

Watu walicheka, mwenyekiti naye akacheka, halafu kicheko kikafa, na viti vikaanza kusogea. Mwalimu mkuu alivuka. Baba wa yule mtoto wa homa alivuka amembeba mwanawe. Wifi alikuwa ameshavuka kabla ya mumewe, tulikuwa hatujamwona tu. Ulipotulia uwanja, upande wa kushoto walibaki maofisa wa kampuni na mtu mmoja aliyekuwa amesinzia. Mwenyekiti aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akamwambia karani aandike kwamba wanaoathirika ni wote.

Shangazi alilia pale pale ukutani, kwa sauti, bila kutafuta leso. Kaka alimwona. Kikao kilipoahirishwa alimfuata, akasema, "Umekonda. Huli?" Akamjibu kwamba anakula unga ambao dereva wake anauokota barabarani. Wakacheka wote wawili, na mimi nikaenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote, maana na mimi sikuwa salama.

Kibali kilinyimwa. Haikuwa mwezi ule wala uliofuata. Tulingoja, tukaandika tena, tukaitwa mjini, tukarudishwa. Lakini kilinyimwa, kwa hati yenye mhuri, na sababu ya kwanza iliyotajwa ilikuwa kwamba idadi ya watakaoathirika ilielezwa pungufu. Mto unapita leo kama ulivyokuwa ukipita. Zahanati ipo, shule ipo na imeongezewa madarasa. Kaka alipata umeme wake hatimaye, wa jua, uliofungwa juu ya paa kwa msaada wa shirika alilolitafuta dada yake, na kikohozi kimepungua. Wale wa posa iliyosimamishwa walifunga ndoa, na watoto wao wamepokewa na mkunga.

Katika miaka iliyofuata Shangazi alifanya mengi ambayo jarida hili la ofisi halina nafasi nayo. Alisimamia upatikanaji wa hati za mashamba kwa familia za pande zote za bonde. Alifundisha wapima vijana na kuwalazimisha kulala kwenye nyumba za watu wanaowapimia. Aliitwa na jumuiya za mito mingine, na kila alikokwenda alianza kwa kueleza alivyokosea, ndipo akaeleza alivyofanya. Hakuchora tena mstari bila kuwatembeza kwanza watu wa juu chini na wa chini juu. Sisi tuliofanya naye kazi tumejifunza kwake kwamba mtu unayempigania ana jirani, na jirani huyo naye yumo kwenye kesi.

Limebaki jambo moja, nalo linaeleza kwa nini tunamuaga mwaka huu. Shangazi alitakiwa kustaafu miaka miwili iliyopita. Aliomba aongezewe muda, akaomba tena. Mkurugenzi hakumkatalia, lakini sote tulijua sababu. Aliogopa. Alijua mradi kama ule haufi, unalala, na alikuwa na hakika siku utakapoamka bila yeye watu watagawanyika tena. Aliniambia garini kwamba hapati usingizi mzuri akiwaza nani atawakusanya.

Mwezi mmoja uliopita uliamka. Kampuni nyingine, kofia nyingine, sehemu ya juu zaidi ya mto. Walifika bondeni bila taarifa na kuanza kuongea na nyumba chache walizozichagua wenyewe. Sisi ofisini hatukujua. Shangazi hakujua. Wiki ya pili wifi alimpigia simu kuhusu mambo yao ya nyumbani, na katikati ya maongezi akataja kwamba kaka yako amechoka leo, mkutano ulikuwa mrefu.

Mkutano gani? Mkutano wa bonde. Walikuwa wamekutana kwenye mashine, pande zote, kaka na mkunga wakiwa wenyeviti kwa pamoja. Walikuwa wameshatembea mpaka mahali palipokusudiwa kujengwa, wakaenda kuwaona watu wa vijiji vya juu zaidi, wakala nao, wakakubaliana nao. Barua ya pamoja ilikuwa imeshafika wizarani. Wageni walikuwa wameshaambiwa kwa heshima kwamba wakitaka kuongea na nyumba moja waite bonde zima.

Shangazi alikata simu, akanitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona. "Hawakuniita," alisema. "Mkutano mzima, barua mpaka wizarani, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuniita." Alitembea huku na huku. Alisema watoto wa bonde lile hawana adabu, akaanza na kaka yake. Halafu akakaa kwenye kiti, akainamisha uso. Nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka mabega yanatikisika, na baadaye ndiyo akalia kidogo. Alipomaliza akajifuta uso, akapanda ghorofani kwa mkurugenzi, akaomba fomu ya kustaafu.

Shangazi, kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru. Ulituonyesha kazi inavyofanywa kwa miguu, na kosa linavyokubaliwa kwa mdomo wa mwenye kosa. Umetuachia mto wenye maji yake na bonde lenye watu wake, nasi hatuna zawadi ya kulingana na hayo. Afya njema, usingizi mzito, na miaka mingi ya raha pamoja na shemeji yetu, ambaye sasa ni zamu yake. Na siku ukisikia kwamba bonde limekutana tena bila kukuita, usitafute gari. Kaa, unywe chai yako.